Jani Langu Mkononi mwa Mpagazi

Alitembea kama mtu mwenye mzigo kichwani hata siku ambazo hakubeba kitu. Shingo imenyooka, macho mbele, mkono mmoja uko tayari kupanda juu kushika kitu ambacho hakipo. Watoto walimfuata nyuma wakimwiga, naye akiwagundua anageuka na kuwaiga wao, kamasi na vidole puani, mpaka wanatawanyika kwa kicheko. Sote tulimwita Mpagazi. Jina alilopewa na wazazi wake nililijua, aliniambia mwenyewe siku moja tukipalilia, lakini sitaliandika. Alisema limekaa muda mrefu bila kuitwa na hana hakika kama bado angeliitikia.

Alikuwa jirani yangu miaka kumi na mitatu, huku kwenye miteremko ya Meru, enzi za Mdachi. Mimi niliolewa huku nikitoka Machame. Yeye alifika akitoka Unyamwezi, kwa kuzunguka kwanza pwani, na mzigo wa Mzungu juu ya kichwa. Kwa hiyo tulikuwa wageni wawili, ila mimi niliingia kwa mlango wa mume na yeye aliingia kwa miguu yake. Watu wa hapa waliiona tofauti hiyo kuwa kubwa mno. Mimi pia niliiona hivyo siku iliponifaa, na ndiyo maana naandika haya.

Kiswahili hiki ninachoandikia nimekipata kwake. Kwetu tulisema Kimachame, kwa mume wangu Kimeru, na Kiswahili kilikuwa lugha ya barabarani, ya askari wa Boma na wachuuzi wa pwani. Herufi nilikuja kufundishwa misheni nikiwa mtu mzima, lakini maneno alinifundisha Mpagazi, kila mmoja wetu akiwa na jembe upande wake wa mpaka. Alianza na salamu. Akanieleza kwamba aliyekuzidi umri unamwambia shikamoo, naye anakujibu marahaba. Nikamwambia, "Basi shikamoo." Akasimamisha jembe. Akanitazama muda mrefu kidogo, kisha akajibu marahaba kwa sauti ambayo ningekuwa hatua mbili mbele nisingeisikia. Sikuelewa wakati ule. Baadaye nikatambua kwamba hapa mlimani hakuna mtu aliyekuwa akimsalimu kama mkubwa. Walimwambia tu, "Mpagazi, umeamka?" Siku hizi wanafunzi wakinipa shikamoo njiani namkumbuka yeye, na mara nyingine nachelewa kuitikia mpaka wananidhania kiziwi.

Alikuwa na migomba mizuri kuliko yetu sote na hakula ndizi. "Chakula cha mgonjwa," alisema. Mikungu yake aliwagawia watu waliokuwa na sherehe, au akaipeleka sokoni, au akamlisha mbuzi. Yeye alipanda ulezi kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba, akasonga ugali mweusi, mgumu, akaniletea kibonge kwenye jani ili nionje chakula cha watu. Nikamwambia ugali ule ungefaa kuzibia mfereji unapovuja. Akasema kwao watu wana meno. Nilikula wote, lakini hilo sikumwambia.

Urefu wa njia aliupima kwa vituo vya msafara. Kutoka kwetu mpaka mtoni Themi ni kituo kimoja na kidogo. Kikatiti ni kituo kizima cha jua, na maji ubebe mwenyewe. Ukimwuliza kisima kiko mbali gani alijibu, "Nusu kituo tu," hata kama ni hapo chini ya kilima. Kitu chochote alichokiokota, hata kikombe, alikiinua kwanza mpaka kifuani, akakisikilizia uzito, ndipo akakiweka anapotaka kukiweka. Hakukubali kusaidiwa kutwika mzigo. Mume wangu alijaribu mara moja, akafokewa mbele ya watu.

Na aliondoka kila mwaka. Mvua za masika zikiisha alitangaza kwa sauti kwamba amechoka na mlima huu, baridi yake na watu wake, na kwamba anarudi kwao ambako mtu akisema anasikilizwa. Alifunga mkeka, sufuria na jembe kwa kamba, mafundo mawilimawili, akauweka mzigo mlangoni. Siku mbili zikapita, tatu, mzigo uko palepale. Kisha unafunguliwa kimyakimya. Kamba ilikuwa mbovu, au mgomba fulani umetoa mkungu na ingekuwa ujinga kuuacha. Mwaka mmoja nilimwuliza mbona haendi. Alininunia siku nne, nikapata siku nne za kupumzika na maneno yake, na siku ya tano nikajikuta nimesimama mpakani bila kazi, nangoja anichokoze.

Kuhusu alivyokuja kubaki, alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kwa namna nyingi. Alikuwa amebeba beseni la bati la kuogea la Mzungu aliyekuwa anakwenda kufungua shamba Momela. Alilibeba toka pwani, limefunikwa juu ya kichwa kama kofia, anaona miguu yake tu na visigino vya aliye mbele. Walipofika Themi miguu ilikuwa imejaa funza hata hawezi kukanyaga. Mnyapara wa msafara akampa mwingine lile beseni, wakamwacha kando ya maji. Katika hadithi za mwanzo aliachwa. Katika hadithi za baadaye alikataa kuendelea. Jambo moja halikubadilika: "Nimebeba beseni nchi nzima, Mama Ndekirwa, na sijawahi kuoga ndani yake hata mara moja." Mama Ndekirwa ni mimi, kwa jina la mwanangu wa kwanza.

Mzee aliyekuwa na kihamba chini ya chetu, yaani shamba lake la migomba, alimpa kipande cha pembeni alime. Mzee huyo hakuwa na mtoto wa kiume, na alipokufa Mpagazi alibaki pale na hakuna aliyemfukuza. Walimpenda, kwa namna yao. Mtu akiumwa alikuwa wa kwanza kubeba machela. Boma lilipoleta kodi ya nyumba, karani alikuja akahesabu vibanda vyote, na cha kwake kikahesabiwa sawa na vyetu. Cheti alichopewa alikitia ndani ya kipande cha mwanzi na kukiziba kwa nta. Alipokasirika alikitoa akakitikisa hewani. "Mdachi ananijua ninaishi wapi," alisema. "Ninyi mnaokunywa pombe na mimi ndio hamjui."

Hapo sasa nieleze mambo ya mfereji, maana ndiyo yaliyokuwa mambo yote.

Mfereji wetu ulichimbwa na mababu za watu wa hapa. Maji yanachukuliwa juu, msitu unapoanzia, yanashuka yakipita kihamba baada ya kihamba, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu zinapangwa na mzee wa mfereji. Huyo ndiye anayeamua nani atapata maji asubuhi yakiwa mengi na nani atapata alasiri yakiwa yamebaki matope, na siku hizo ndiye aliyekuwa pia akiongea na Boma kwa niaba yetu. Mzee wa mfereji akifa au akichoka, nyumba zinachagua mwingine. Wanaotakiwa wanakaa chini kwenye nyasi. Kila nyumba inachuma jani la isale kwenye mpaka wake, mwenye nyumba anakwenda kuliweka mbele ya yule anayemtaka. Nyumba moja, jani moja. Isale ni ule mmea mrefu wenye majani membamba tunaoupanda mpakani, ndio huohuo tunaoutumia kuombana radhi.

Lakini si kila isale lina sauti. Masale yanayohesabika ni yale uliyopandiwa na majirani. Siku unapokubaliwa, wanaume wa vihamba vinavyokupakana wanakuja na vipandikizi, wanapanda kwa mikono yao kuzunguka shamba lako, nawe umesimama tu unatazama. Tangu siku hiyo una mpaka, na mwenye mpaka ana jani. Asiyepandiwa analima, anakula, anazaa, lakini siku ya kuchagua hana cha kuweka.

Mpagazi hakuwa amepandiwa. Kazi ya mfereji, hiyo alikuwa nayo. Siku ya kusafisha alifika wa kwanza, akaingia majini mpaka magotini, akaziba mahali panapovuja kwa magogo ya migomba na udongo, akiwakemea vijana waliokuwa wakipiga soga. Adhuhuri tulileta chakula na pombe ya ndizi, akala na wote, akawatania wote. Kisha wazee walisogea kwenye nyasi kuzungumza, na huo ndio wakati ambao wasio na masale walitakiwa kwenda zao. Hakuna aliyewaambia. Ilikuwa inajulikana tu. Wengine waliondoka upesi. Mpagazi alibaki akisafisha jembe lake. Alilisugua kwa nyasi, akalisuuza, akalisugua tena upande uleule, mpaka jembe likang'aa na hakukuwa na sababu nyingine ya kuwepo pale. Ndipo akaliweka begani na kuteremka. Wanawake tulikuwa kando na vyungu vyetu, tukiona. Mimi niliangalia chungu.

Mwaka mmoja mzee wa mfereji aliyekuwepo alichoka, ikatangazwa siku ya kuchagua. Wiki chache kabla ya hapo Mpagazi aliniomba vipandikizi vya isale. Nilimpa, nikidhani anataka ua. Nikamwona alfajiri moja amepanda kuzunguka kipande chake chote, mistari imenyooka, umbali sawa kati ya mche na mche. Mume wangu alipoona alitikisa kichwa. Siku yenyewe ikafika, na Mpagazi akatokea amevaa kanzu aliyoihifadhi tangu pwani, jani mkononi, akasimama kwenye mstari.

Mzee mmoja akamwuliza kwa upole, "Nani alikupandia?"

"Nimepanda mwenyewe."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Mzee akamwambia, "Ya kujipandia ni ua tu, Mpagazi. Yatazuia mbuzi."

"Nani atanipandia?"

"Siku yake ikifika, utaona watu wanakuja."

Akatoka kwenye mstari. Hakuyang'oa masale yake. Aliyamwagilia kiangazi chote kwa kibuyu, na yalikua marefu kuliko yetu. Tangu hapo, kila mtu akipita njia ya chini na furushi la majani yoyote, aliinua macho. Nilimwambia mara moja kwamba ningeweza kumpandia mimi usiku watu wasione, akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mwenyewe umepandiwa kwa mgongo wa mumeo," alisema. "Tukae hivihivi, wasije wakatufukuza wote wawili."

Msije mkamwona mtu mwema tu. Walipokuja Warangi wawili kuomba kipande bondeni, aliyepiga kelele kuliko wote ni yeye. Wageni hawa, alisema, hawajui mfereji, watabomoa kingo, watamaliza maji. Nikamwuliza, "Wewe ni nani?" Akasema, "Mimi ni mtu wa hapa ambaye bado hajaambiwa." Kisha akawapelekea Warangi wale mkungu wa ndizi, akawaonyesha pa kuteka maji, na akarudi kuniambia kwamba hawana adabu. Ukitaka kumwona amekasirika kweli, mchuuzi wa mjini aseme Wameru ni washamba. Alikuwa tayari kupigana sokoni kwa ajili ya watu ambao hawakutaka jani lake.

Mume wangu alikufa kwa homa, mwanangu Ndekirwa akiwa hajaota meno yote. Sitaki kuandika mengi juu ya hilo. Nitasema tu kwamba nyumba isiyosafisha sehemu yake ya mfereji inapoteza zamu, na sehemu yangu haikuwahi kukutwa chafu. Nilikwenda na jembe asubuhi nikakuta imeshasafishwa. Nilipomshukuru alisema amechanganya mpaka, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Alikuwa anaona kunguru akiwa bado yuko Moshi.

Kisha ikatangazwa tena siku ya kuchagua mzee wa mfereji. Sasa, mjane mwenye mtoto mdogo anabaki na jani la nyumba, maana masale ya mumewe bado yamesimama, ila mwanamke haendi kwenye nyasi. Analituma kwa mkono wa mwanamume anayemwamini. Wengi wanatuma kwa shemeji. Mashemeji zangu walikuwa wakikitazama kihamba changu kwa macho ambayo sikuyapenda. Kwa hiyo nilisema nitatuma kwa Mpagazi. Pakawa na maneno, lakini mzee mmoja akayamaliza: jani ni la nyumba, si la mkono. Mkono wowote unaweza kubeba. Mpagazi aliposikia hivyo akaniambia, "Kubeba ndiyo kazi yangu."

Uchaguzi ule ulikuwa wa watu wawili. Mmoja tulimwita Mzee wa Juu, kihamba chake kiko karibu na mahali maji yanapochukuliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, akiweka sikio juu ya kingo anakuambia panapovuja. Mwingine ni Mzee wa Ng'ambo, anayeishi ng'ambo ya kijito, mcheshi, mwenye huruma. Mzee wa Ng'ambo alikuwa amesema waziwazi, kwenye pombe, mbele ya wote, kwamba akipewa mfereji, kila aliyeusafisha misimu kumi atapandiwa masale, awe ametoka popote. Mzee wa Juu akasema hapana, mababu hawakuchimba kwa ajili ya wapita njia. Kila mtu alijua wanaongea juu ya nani.

Siku tatu kabla ya kuchagua, Mzee wa Juu alipita kwangu. Alisimama nje, hakukubali kuketi. Akaangalia migomba yangu iliyokuwa imenyong'onyea, maana zamu yangu ilikuwa ya alasiri na maji yalinifikia yakiwa yamekufa. Akasema, "Nikipewa mfereji, mjane mwenye mtoto hawezi kumwagilia jioni. Utapata asubuhi." Hakuwa mwongo, na nilijua hakuwa mwongo.

Sikulala vizuri siku hizo, lakini sikuwaza sana pia, nisijipambe. Niliwaza Ndekirwa na mbavu zake. Nilijiambia kwamba Mpagazi amekaa bila masale miaka yote hiyo na hajafa, na kwamba mwaka mwingine utakuja. Asubuhi yenyewe nilichuma jani, nikampa mpakani.

"Weka kwa Mzee wa Juu," nikamwambia.

Alilishika. Akaliinua mpaka kifuani kama alivyofanya kwa kila kitu. "Kwa Mzee wa Juu," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa, Mama Ndekirwa." Akalifuta vumbi kwa pindo la kanzu yake, akaondoka, shingo imenyooka.

Nilikuwa kando na vyungu, niliona. Angeweza kulilaza kokote. Hakuna ambaye angejua nilichomwagiza. Alipofika kwenye nyasi alisimama mbele ya wale wazee wawili, na Mzee wa Ng'ambo akamtabasamia, akasogeza hata mguu kidogo kumpa nafasi. Mpagazi akainama, akaliweka jani langu mbele ya Mzee wa Juu, taratibu, ncha ikielekea kwake, kama chombo kinachoweza kuvunjika. Majani yakahesabiwa mara tatu. Mzee wa Juu alizidi kwa jani moja.

Alirudi jioni akasimama upande wake wa mpaka. "Nimeweka," akasema.

"Nimeona."

Alikuwa na maneno aliyoyapenda, ya kambini, ya wakati wapagazi wanapogombania moto na kila mtu amechoka. Aliyasema tukibishana juu ya mbuzi, juu ya mkungu uliodondokea upande usio wake, juu ya chochote. Siku hiyo pia aliyasema. "Tupumue kwanza, tugombane baadaye." Akaingia ndani. Hatukugombana baadaye. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, ningefurahi anitukane. Alinisalimu, akanitania, akasafisha sehemu yangu ya mfereji. Mwaka huo tu hakufunga mzigo na kuuweka mlangoni, na sikuthubutu kumwuliza sababu.

Maji ya asubuhi niliyapata. Mzee wa Juu alitimiza. Migomba ilinenepa, mwanangu akanenepa, na mfereji haukuwahi kuwa na mpangilio mzuri kama miaka ile. Hilo nalo ni kweli, na nalisema ili msidhani nilidanganywa.

Vita vya Wazungu vilipoanza, Boma lilihitaji watu wa kubeba mizigo ya askari. Kila mfereji ukaagizwa utoe majina. Mzee wa Juu aliwakusanya wenye masale kwenye nyasi wazungumze, na ukiwakusanya wenye masale kuzungumza nani aende, unajua majina yatakayotoka. Warangi wawili. Mpagazi. Alikuwa mtu mzima sana kwa kazi ile, mvi mpaka kifuani, lakini mtu akasema, "Yule si ni mpagazi?" na hapakuwa na mwenye kumsemea. Kama angekuwa pale na mpaka wake, angejisemea mwenyewe, na ninavyomjua, wangekaa mpaka jua linazama.

Walikuja kumchukua asubuhi. Nilikuwa kwenye zamu yangu, nimesimama ndani ya maji na jembe, nafungulia mfereji kwenye migomba. Alipita mpakani kati ya askari wawili. Yeye akasema, "Mama Ndekirwa, nimekuachia mbuzi." Maji yalikuwa yananipita miguuni, maji mengi, mazuri, na nilitamani yakauke yote.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa zaidi ya mwaka, wakati Wadachi walipoanza kuhamisha vitu vyao kutoka Arusha na kila mtu sokoni alinong'ona kwamba wanaondoka. Nilikuwa nimepeleka ndizi mjini. Nikirudi, kwenye kivuko cha Themi, nikakuta msafara wa wapagazi unavuka, masanduku vichwani, askari kando. Nilisubiri wapite. Nikaijua shingo kabla ya uso. Amekonda, kanzu imebaki kitambaa kiunoni, lakini shingo ni ileile. Nikaliacha kapu langu ukingoni, nikaingia majini, nikatembea kando yake.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba." Hakugeuka, sanduku halikumruhusu, lakini nilimwona anatabasamu. "Mbuzi?"

"Amezaa wawili."

"Mmoja ni wako."

Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi. Niliyatunga tangu siku ile ya jani, kwa Kimeru, kwa Kimachame, kwa Kiswahili chake. Tukatoka majini tukaanza kupanda, na maneno yale yote yakanitoka kichwani, likabaki moja ambalo sikuwa nimelitunga.

"Siku ile," nikasema, "kama ungekuwa na jani lako mwenyewe, ungemwekea nani?"

Akasimama. Aliyekuwa nyuma akamgonga, askari akapiga ukelele. Akaendelea kutembea.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Hujawahi kuniuliza."

"Najua," nikasema, na nikaanza kulia, nikimfuata, mtu mzima mimi, mbele za askari.

Nilidhani atajibu mara moja. Jibu si lilikuwa wazi? Mmoja alitaka apandiwe masale na mwingine alimkatalia mchana kweupe. Lakini yeye hakulichukua swali hivyo. Alipanda hatua nyingi. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyeketi kwenye nyasi na wazee, "Hili si la kujibiwa na mzigo kichwani. Mzee wa Ng'ambo ana roho nzuri, lakini sehemu yake mwenyewe ya mfereji inavuja, kila mtu anajua. Mzee wa Juu ana kiburi, ila anayajua maji. Na mfereji si wa mtu mmoja." Akafikiri tena. "Nipe nafasi, Mama Ndekirwa. Nikirudi nitakujibu."

Askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki, nikabaki kando ya njia. Msafara ukapanda. Nilimtazama mpaka mwisho wa kilima. Mkono mmoja umeshika sanduku, na ule mwingine ulikuwa unasogea hewani, mara upande huu, mara upande ule, kama wazee wanavyofanya kwenye nyasi wakipima hoja. Hakurudi. Sijui angemwekea nani.